Mashua iliyotumika na milioni 4 mkononi

*"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 31. Nimekulia pwani lakini sijawahi kumiliki chombo. Nimejikusanyia shilingi milioni 4 na nataka chombo cha tanga: shemeji yangu ambaye ni mvuvi akiendeshe siku za kazi, mimi nitoke naye mwisho wa wiki na likizo. Nimepata viwili Kigombe. Cha kwanza ni ngalawa ya laki 9, kuukuu, lakini inakwenda baharini kila siku. Cha pili ni mashua ya futi 22, wanataka milioni 3 na nusu. Imekaa mchangani tangu kaskazi ya mwaka juzi, mwenyewe alipofariki. Mtoto wake ameipaka rangi mpya nje na ndani, anasema ni mvule mtupu, na kwa kuwa haijaguswa na maji muda mrefu haiwezi kuwa imeoza. Nimeipenda sana. Shemeji anasema nichukue. Rafiki yangu ananiambia niachane na mbao, nitafute faiba. Nitajuaje kama mashua ni nzima? Na pesa yangu inatosha?"*

Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu, maelezo yafuate: kwa bei hiyo na katika hali hiyo, usiilipie mashua bado. Inawezekana kabisa ni nzima. Lakini mpaka sasa ulichokiona ni rangi, na aliyekuhakikishia kilicho chini ya rangi ni mtu anayetaka kuuza. Umeniuliza maswali mawili, na nadhani linalokunyima usingizi ni la tatu ambalo hukuliandika: je, nitaziweka akiba zangu zote kwenye kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukikagua? Hilo linatibika, na kulitibu hakugharimu sana.

Kwanza tuliondoe hili la "haijaguswa na maji, kwa hiyo haijaoza". Watu wengi wa pwani wanaliamini, nalo ni kinyume na mambo yalivyo. Kinachoozesha mbao ni ukungu, na ukungu unataka vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Mbao iliyozama baharini ina unyevu lakini haina hewa ya kutosha, tena chumvi yenyewe huuzuia ukungu. Mbao kavu kabisa ina hewa lakini haina unyevu. Chombo kinachokaa mchangani bila kufunikwa kinapata vyote viwili, kwa sababu mvua inanyesha ndani yake. Maji yale ya mvua yanatulia kwenye ngama (tumboni chini kabisa), kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo, na chini ya mbao za shetri kule nyuma, nayo ni maji baridi yasiyo na chumvi. Mashua yako imepigwa na masika pale ilipo. Swali la kumuuliza kijana ni hili: ilifunikwa? Tundu la kutolea maji chini liliachwa wazi au limezibwa? Kama unaweza, waulize majirani pia, na usimwambie kwamba umewauliza.

Kukaa juu kuna madhara mengine mawili. Mbao hunywea zikikauka, mianya kati ya ubao na ubao hufunguka, na pamba ya kalafati iliyokuwa imebanwa humo kuzuia maji hulegea. Hilo ni la kawaida, linatengenezeka. La pili ni zito zaidi. Chombo kikiwa majini kinabebwa na maji kila mahali. Kikiwa mchangani kinabebwa pale tu penye magadi (nguzo za kukiegemeza) na magogo. Yakiwekwa ovyo, au mchanga ukihama kwa mawimbi ya bamvua (maji makubwa ya mwezi), omo kule mbele na tezi kule nyuma hubaki zikining'inia, na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, huanza kupinda. Chuchumaa nyuma ya fashini, mti uliosimama mwisho wa mkuku kule tezi, fumba jicho moja, tazama mkuku kwa urefu wake wote mpaka omo. Ukiona mstari umenyooka, vizuri. Ukiona katikati imenyanyuka na ncha zimelala, hapo hapana mjadala wa bei. Mkuku uliopinda haunyooshwi kwa milioni 4.

Ila kijana ana ukweli wa nusu, na haki yake tumpe. Kukauka muda mrefu huua wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Ni jamii ya chaza, ingawa umbo lake ni la mnyoo: mwili laini mrefu, na kichwani magamba mawili madogo anayoyatumia kama tupa. Huingia akiwa mchanga mno, kwa kitundu kidogo kuliko kichwa cha pini, kisha hugeuka na kufuata urefu wa ubao huku akinenepa humo humo. Ndiyo maana nje unaona vidoa vichache tu, na ndani ubao ni mapango yanayoweza kufika unene wa kidole. Wazee wanapokipandisha chombo, wakakichoma chini kwa makuti makavu, kisha wakakipaka deheni ya shahamu na chokaa, wanapambana na huyu. Kwa hiyo wadudu wa mashua hiyo wamekwisha kufa, sawa. Matundu waliyoyachimba wakiwa hai hayajafa pamoja nao, na rangi mpya imeyafunika midomo.

Sasa ukaguzi. Chukua bisibisi ya bapa, nyundo ndogo na tochi. Anza chini, kwenye ubao wa kwanza kabisa ulioungana na mkuku, pande zote mbili, kutoka omo hadi tezi. Huo ndio ubao unaoliwa mwanzo na unaotazamwa mwisho, kwa sababu ni lazima ulale kifudifudi kuuona. Gonga kila mahali. Ubao mzima unarudisha sauti kavu na nyundo inaruka mkononi. Ulioliwa unajibu bubu na nyundo inatua. Pakijibu bubu, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya kiganja, si kwa kuipigilia. Mbao nzuri inaikataa baada ya mikwaruzo. Ikiingia hadi nusu ya ubao bila ubishi, weka alama kwa chaki na uendelee. Kidoa kimoja hakiui chombo. Ukimaliza upande mmoja na chaki imeenea kama ubao wako wa darasani, umeshapata jibu.

Kisha ingia ndani. Mtu akipaka rangi nje, namwelewa, anaipamba bidhaa. Akipaka rangi mpaka ndani ya ngama, pale pasipoonekana na mtu, namtilia shaka. Inua mbao za sakafu. Ukikuta saruji imemiminwa chini kando ya mkuku, jua kuna mahali palipokuwa pakivuja na mtu akachoka kupatafuta. Saruji inafungia unyevu dhidi ya mbao, na huwezi kujua hali ya chini yake mpaka uivunje. Tafuta pia vipande vya bati vilivyopigiliwa na kupakwa lami. Kimoja au viwili ni maisha ya chombo chochote. Muhimu ni kuuliza kimefunika nini.

Tazama misumari. Mashua nyingi za kwetu zimepigiliwa misumari ya chuma, na chuma kikishika kutu hufanya mambo mawili: hutanuka na kuipasua mbao, halafu kemikali za kutu huilainisha mbao inayouzunguka msumari. Utaona duara jeusi, na mbao ya hapo inamung'unyika kama tumbaku. Ubao unaweza kuwa mzima kabisa lakini hauna kinachoushika kwenye taruma. Hilo la misumari watu hulipuuza, na kwa maoni yangu ni baya kuliko kuoza kwa ubao mmoja. Ubao uliooza unabadilishwa peke yake. Misumari ikichoka, imechoka yote, kwa kuwa ilipigiliwa wakati mmoja.

Kuhusu "mvule mtupu", nisameheni, lakini nikisikia hivyo hutabasamu. Chombo cha mti mmoja ni nadra. Fundi huchagua mti kwa kazi: mkuku mti mgumu kama mbambakofi, mataruma ya mtondoo kwa sababu matawi yake yana pindo la asili, na mbao za ubavuni ni chochote mwenye chombo alichomudu, mara nyingi mwembe. Mwembe si dhambi, ila hauna umri wa mvule. Kwaruza rangi mahali pawili pasipoonekana, muoneshe fundi. Kama ni mwembe, bei ishuke.

Hapo ndipo ninapokutaka utafute mtu. Usifanye haya peke yako ukiwa na maandishi yangu mkononi. Sikio la kujua ubao bubu halipatikani kwa kusoma. Chukua fundi kalafati ambaye hakutajiwa na muuzaji, ikiwezekana wa pwani nyingine, mlipe nusu siku yake na nauli, na umwambie mbele ya kila mtu kwamba malipo yake ni yale yale ukinunua au usiponunua. Mwombe kadirio la matengenezo, vifaa na ufundi kila kimoja kivyake. Shemeji naye aende, ni mvuvi na anajua chombo kinavyokwenda, lakini usimfanye yeye ndiye mkaguzi. Yeye chombo hiki kinampa kazi bila kutoa senti. Simaanishi ana nia mbaya.

Ikipita ukaguzi wa mchangani, kuna wa majini, na huu ufanyike kabla ya kumaliza malipo. Patana naye utoe kianzio kidogo kwa maandishi, itiwe kalafati, isubiri bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ishushwe, ifungwe kwenye nanga. Siku ya kwanza itavuja. Usishtuke, na usimruhusu mtu akuambie haipaswi kuvuja. Mbao kavu zinahitaji siku kadhaa kunywa maji na kuvimba hadi zikutane. Unachotafuta ni mwelekeo. Chomeka kijiti kwenye ngama, kitie alama, pima asubuhi na jioni kabla ya kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Maji yakipungua kila siku, chombo kinajifunga. Yakibaki pale pale baada ya wiki, kuna mahali hapafungiki. Kisha tandazeni tanga mwende joshi, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, saa moja au mbili kwenye upepo wa wastani. Tanga linaukamua mwili mzima wa chombo, mlingoti unasukuma mkuku na upande mmoja unabeba uzito wote. Chombo kilichokuwa kikavu nangani kikianza kuingiza maji kikibeba tanga, hiyo ni misumari iliyolegea, na ndiyo kasoro ambayo kupaka na kukalafati hakutaiponya.

Ukiwa huko, angalia vya juu. Tako la mlingoti, pale linapokaa kwenye mkuku, hutuama maji na kuoza ilhali juu kunang'aa. Foromali, mti unaobeba tanga, mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja, basi fungua kidogo kamba za katikati uone kama mti umechakaa ndani ya fundo. Tanga lishike dhidi ya jua: ukiona vitobo vya mwanga kila mahali, au uzi wa mshono ukikatika kwa kucha, hesabu tanga jipya. Vuta jarari, kamba ya kupandishia tanga, tazama gofia (kapi) kama gurudumu lake linazunguka. Usukani utikise kwenye vyuma vyake. Haya yote ni pesa, lakini ni pesa ya kawaida. Sijawahi kumwambia mtu aache chombo kizuri kwa sababu ya tanga bovu.

Pesa. Una milioni 4, wanataka milioni 3 na nusu. Ukilipa hiyo, unabaki na laki 5 za kalafati, deheni, misumari, kamba, nanga yenye uzito wa maana, majaketi ya kujiokolea, usajili na leseni, na chombo hakijaleta hata samaki mmoja. Haitoshi. Watu wanaofilisika kwa chombo cha kwanza hawafilisiki siku ya kununua, wanafilisika miezi minne baadaye chombo kikiwa mchangani kikisubiri mbao mbili, huku jua likikifungua upya. Kipimo changu, na ni changu tu, ni kwamba theluthi ya pesa yote ibaki mfukoni siku unayokabidhiwa. Kwako hiyo ni kama milioni 1 na laki 3. Maana yake mashua hii uifikishe kwenye milioni 2 na laki 6 au 7, ikiwa imepita ukaguzi, na kadirio la fundi likatwe humo. Kijana anaweza kukataa. Ila naye ana mashua inayokauka na mirathi ya kugawa, na kila mwezi unaopita unamla yeye.

Ngalawa ya laki 9 umeitaja kwa mstari mmoja tu, kama vile haikuhusu. Mimi ningeitazama kwanza. Inakwenda baharini kila siku, na huo ni ushahidi ambao mashua haina. Watu wawili wanaitosha, wakati mashua ya futi 22 inataka watatu au wanne, kwa sababu ukibisha, yaani kugeuza tanga upande wa pili, ni lazima foromali ipitishwe mbele ya mlingoti, na kwenye kusi ya Julai hiyo si kazi ya mwalimu na shemeji peke yao. Mirengu na matengo yake, miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, yanabadilishwa kwa bei nafuu. Ubaya wake ni kwamba mwili wake ni gogo moja: likipasuka au likioza chini, unaweza kuziba lakini huwezi kubadilisha ubao, na siku ikifika imefika. Basi igeuze, ugonge chini ile ile kwa nyundo, tazama nyufa zinazofuata urefu wa gogo hasa omo na tezi, na pale mirengu inapofungwa. Ikiwa bado na misimu kadhaa ndani yake, unaweza kuinunua, ukabakiwa na milioni 3, ukajifunza upepo, pwani na shemeji wako. Ndiyo, na shemeji. Mgawanyo wa mapato kati yenu, sehemu ya chombo, ya nahodha na ya nyavu, uandikeni kabla ya safari ya kwanza.

Rafiki yako wa faiba ana hoja. Faiba haipakwi deheni, haina kalafati, na wadudu hawaili. Serikali yenyewe imekuwa ikikopesha vikundi boti za namna hiyo. Lakini nyingi zimeundwa kwa mashine, zina tumbo bapa na mkuku mdogo au hazina kabisa, kwa hiyo ukizitandazia tanga zinaserereka ubavu badala ya kupanda joshi. Utajikuta unanunua mashine na petroli, na hapo bajeti ni nyingine kabisa. Kama unataka tanga, kwa pesa yako, baki kwenye mbao.

La mwisho nalo ni zito: mwenye mashua amefariki. Kijana kuwa mtoto wake hakumpi mamlaka ya kuiuza. Uliza nani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, uone barua ya uteuzi, na pesa apokee yeye, kwa mkataba wenye mashahidi, mbele ya serikali ya kijiji au wakili. Bila hivyo, ndugu wa Pemba atatokea chombo kikishaanza kuleta samaki. Kwenye BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wa pale, uliza historia ya chombo: kimewahi kukamatwa kwa uvuvi wa mabomu au nyavu haramu? Kina kesi? Kinadaiwa? Kisha upite ofisi ya uvuvi ya halmashauri, ujue unatakiwa nini ili usajili uwe kwa jina lako. Leseni ya marehemu usiihesabu kuwa sehemu ya ununuzi. Na ukifikiria kubeba watalii siku za likizo, usianze kabla ya kwenda TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, maana kubeba abiria kuna masharti yake, tofauti na ya kuvua.

Ukishampata fundi na akakupa kadirio lake, niandikie tena: urefu wa mkuku, mbao ngapi zimetiwa chaki na ziko wapi, na maji ya ngama yalipungua au hayakupungua. Nikiwa na hayo nitaweza kukuambia bei ambayo mimi ningeitoa. Na kama kijana atakataa mashua ishushwe majini kabla hujamlipa yote, huna haja ya kuniandikia. Nenda kaigonge ngalawa.